Kuonja Hakuhesabiwi

Mwaka jana nilimuuliza kwa karatasi:
Jana ulikula nini, Bi Tsiala?
Akapangusa mikono kwenye aproni, akatazama dari
kana kwamba jana ilikuwa imetundikwa huko pamoja na vitunguu.
Chai, akasema. Kipande cha mkate. Basi.
Nikaandika: chai, mkate, basi.
Kompyuta ya Tbilisi ikapiga hesabu, ikatoa jibu
kwamba mwanamke huyu wa Kutaisi alikufa mwezi Machi.

Mwaka huu nimemletea miwani.
Fremu nyeusi; kwenye bawaba, jicho dogo kama punje ya ulezi,
na nyuma ya sikio kihisi kinachosikiliza taya.
Mkufunzi alituapia: hiki hakisahau,
hakioni haya, wala hakijibu kwa kumpendeza mtu.
Bi Tsiala akaivaa, akajitazama kwenye ubavu wa sufuria.
Nafanana na mkaguzi wa tiketi, akasema,
akarudi jikoni.

Jumamosi mjukuu alibatizwa.
Wageni ishirini na sita, meza tatu chini ya kitambaa kimoja,
sahani imepanda juu ya sahani,
wanaume wanasimama na bilauri, wananena, wanakaa,
wanasimama tena.
Yeye hakukaa.

Leo Jumanne niko ofisini na picha elfu nne,
moja kwa kila sekunde kumi,
zote kutoka kimo cha macho yake:
mvuke. Kisu. Mvuke.
Jozi zinatwangwa na kitunguu saumu; kidole;
kidole hakionekani, kimo mdomoni.
Saa tatu na dakika nne, ukingo wa mkate wa jibini, umeungua,
ule ambao huwezi kumwekea mgeni.
Saa tatu na robo, maharage matatu, kujua kama yameiva.
Matatu mengine, kwa kuwa yale ya kwanza hayakusema kweli.
Ngozi ya kuku. Shingo ya kuku. Plamu.
Mchuzi kutoka mwikoni hadi kiganjani, kiganjani hadi ulimini,
chovya chovya,
na buyu lenyewe halijui nani amelimaliza.

Programu inachora mraba wa kijani juu ya kila kitu.
MKATE, gramu kumi na nane.
KUKU, uhakika asilimia sabini.
Mtoto mchanga ndani ya shali nyeupe:
JIBINI, asilimia tisini na moja.
Nikamfuta mtoto kwenye orodha ya vyakula.
Nikahesabu matonge: mia moja arobaini na matatu,
yote ya wima,
hakuna hata moja lililopitia sahani yake.

Kisha usiku, saa sita, wageni wameondoka,
taya linakwenda dakika ishirini bila kupumzika
na pichani hamna chakula.
Sinki. Mlima wa vyombo. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya siki,
na ndani ya simu kijana mwenye kofia ya ujenzi,
theluji ya Polandi mabegani.
KUTAFUNA, inasema programu. CHAKULA HAKIJULIKANI.
Kanuni yetu ni fupi: maongezi hufutwa.
Nilikunywa maji kwanza.
Nikafuta.

Alhamisi nikampelekea jibu:
kalori elfu mbili na mia moja, Bi Tsiala.
Alitukanika kabisa.
Nani alinipakulia? Nilikaa kiti gani?
Mimi nilikuwa naonja, binti, kuonja hakuhesabiwi,
iambie hiyo mashine yenu, kama ina mama yake.

Miwani bado ilikuwa usoni pake, imepinda kidogo, ina unga.
Akanigeukia, punje ya ulezi ikawaka nyekundu.
Na wewe, akauliza, umekula nini tangu asubuhi?
Chai, nikasema.
Nikatazama dari.
Kipande cha mkate.