Mchanga Usio Wetu

Saa tisa za usiku, Shannon. Manyunyu.
Dervla apiga deki ukumbi wa abiria.
Ndege imetua kunywa mafuta,
mkiani haina jina.
Vijana mia mbili, sare rangi ya jangwa,
wanapiga miayo. Mmoja anunua kikondoo cha sufi,
auliza kama kinafuliwa.

Katiba yasema: hatuna upande.
Waziri redioni: bunduki hazimo.
Dervla hasemi. Ana zamu, ana kodi ya nyumba.

Kunapambazuka, akamua tambara:
ndooni, chini ya povu,
mchanga mwekundu.
Kaunti nzima ya Clare, kwa tope lake na mawe yake,
haijawahi kuzaa mchanga huu.

Abeba ndoo hadi nje.
Asimama mvuani.
Aumwage
upande gani?