Kilo ya Pamba, Kilo ya Chuma

Miaka ishirini na mmoja nilikuwa karani wa mizani
kiwandani Nyakato, nikiandika uzito wa pamba.
Leo nimesimama Mabatini, bandani kwa Ng'washi Lubinza,
nanunua chuma kwa kilo
kwa ajili ya boti ambayo haijawahi kulowa.

Jina lake ni Bado Kidogo.
Mbao zimekula mafao, tanga limekula pikipiki,
na wajukuu wameacha kuuliza tunaondoka lini
kwenda Ukerewe, Bukoba, visiwa vya Sese, Jinja, Kisumu,
kisha Musoma, kisha Igombe tena,
kama mtu anayezunguka nyumba yake gizani
akipapasa ukuta.

Ng'washi ana nanga tatu.
Ya kwanza inang'aa kama sufuria ya harusi.
"Hiyo wananunua watu wa hoteli," anasema,
"wanaisimika getini."
Ya pili ina makucha manne.
Mawe inayashika vizuri, vizuri mno,
mwisho unakata kamba na kumwachia samaki.
Ya tatu ina ulimi wa plau, kilo kumi na tano,
zinki yake ina mabaka kama ngozi ya kenge.

Mimi mtoto wa Magu. Plau naijua.
Ukiivuta kutoka juu, inaruka.
Ukiivuta chini chini, inazama yenyewe
na ng'ombe wanasimama.

"Basi na mnyororo umeshauelewa," anasema Ng'washi.
"Kazi yake ni kulala."

Milimita sita ni bei ya mtu mwenye haraka.
Milimita nane ni godoro jipya nililomwahidi Kabula.
Mkono wangu wa karani unajumlisha bila kuulizwa:
maji mita sita, omo mita moja juu ya maji,
saba mara tano, thelathini na tano,
kila mita kilo moja na gramu mia nne.
Usiku wa radi, ongeza kamba ya nailoni.
Usiku wa radi, ongeza tu.

Binamu yangu Masalu alikuwa na nanga nzuri.
Kamba ndiyo ilikuwa fupi.
Boti waliikuta Kome juu ya mawe,
nanga inaning'inia puani kama kipini.
Yeye walimkuta siku ya tatu.

Nikasema: nane.

Ng'washi akaunyoosha mnyororo sakafuni,
akapita na nyundo ndogo, pete baada ya pete,
kichwa kimeinama kama anayesikiliza redio ya jirani.
Ting. Ting. Ting. Kisha moja ikakohoa.
Akaikata, akaitupa kwenye debe,
akaunga kwa pingu, akafunga pini yake kwa waya
isije ikajifungua huko chini bila shahidi.
Sijawahi kukamatwa maishani.
Pingu mbili nimezilipia taslimu.

Mwenye bajaji alidai nauli ya abiria watatu.
Sikubishana: tangu Pasiansi mpaka Igombe
bajaji ilikwenda imechuchumaa.

Kabula akanyanyua ncha moja, akaiweka chini.
"Umeuza pikipiki ili uende mbali," akasema,
"halafu unaninunulia kitu cha kukaa."

Shuleni mwalimu alitutega:
kilo ya pamba na kilo ya chuma, ipi nzito?
Waliosema chuma walichekwa, nami nikiwemo.
Leo ningenyoosha kidole tena:
mwalimu, inategemea ni usiku gani.

Godoro hakulitaja. Hilo ndilo lililoniuma.
Alikwenda ndani akarudi na rangi yake ya kucha, nyekundu,
akakaa juu ya ndoo, akaanza kutia alama,
kila mita tano pete moja,
akipuliza ili ikauke.
Kwenye thelathini chupa ikaisha.
Akaitikisa, akaichungulia, akaifunga.

"Hizo tano za mwisho," akasema,
"utazihesabu kwa mkono."