Glavu ya Kushoto

Kaka yangu Mwinchande hana gari, hana kiwanja.
Ana ndege kumi na tisa juu ya kabati, Kipawa.
Spitifaya ya bati la mafuta ya kula,
ubavuni bado panasomeka *lita ishirini*.
Hariken ya vyuma vya mwavuli. Migi ya miaka ya Kagera,
mdomo wazi kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Jumapili hukaa uani, macho kafumba,
kila inayotua anaitaja jina kwa mlio wake,
kisha anasonya: "Mabasi haya, yameota mabawa.
Injini ya pistoni, dada, inakohoa kwanza,
inakufanya uiombee."

Namwambia, zile ziliundwa kuua.
Hanijibu. Anafuta vumbi kwa mswaki, bawa kwa bawa.

Juzi kapata glavu ya rubani, Gerezani,
chini ya rundo la rejeta,
ngozi imekauka kama dagaa, ya kushoto tu.
Elfu arobaini! Kodi ya nusu mwezi.
Nikaja na matusi yangu yamejaa shavuni.
Akaninyooshea: "Vaa."

Vidole vilikwama kwenye vifundo.
Mkono wangu mimi, wa kufua na kusonga ugali,
haukuingia.
Tukamwita Zamoyoni wa jirani, yuko kidato cha pili,
ikamkaa.
Akacheka, akapiga risasi za mdomo, akatuachia glavu.

Kaka akazima taa ya uani.
Ndege ikapita chini, bati zikatetemeka.
Hakuitaja jina.