Mguu wa Kushoto

Maji yamechemka na majani ya mwarobaini,
kitambaa nimekikamua, mvuke unaniuma vidole.
Tumbo nimelikanda, kiuno nimekikanda,
Sikudhani anacheka, bibi we, unaniunguza,
na mtoto wa siku kumi na moja
amevimba usingizi kama andazi.

Mguu wa kulia laini, wa mzazi yeyote.
Mguu wa kushoto
mikono ilisimama kabla yangu.

Umejaa. Unang'aa kama ngozi ya ngoma.
Moto wake si wa maji yangu.
Tangu lini?
"Juzi. Mama mkwe kasema ukinikanda utashuka."

Nakanda wazazi tangu mtaa huu wa Mtoni haujapata bomba,
nawajua kwa nyonga zao kuliko majina.
Ila yuko mmoja ninayemjua kwa jina.

Siti. Nyumba ya nyuma ya kinu.
Mguu ulikuwa hivihivi, nami nilikuwa na nguvu.
Nikabonyeza, nikasukuma juu, nikasifiwa.
Hata maji hayajapoa
akasema, "Shangazi, pumzi,"
akashika kifua, akasema tena, "Pumzi,"
kama mtu aliyesahau alikoiweka.
Watu wakasema siku zake zimefika.
Nikaitikia. Pilau ya hitima nilikula.

Miaka sita baadaye, nesi mmoja kijana
alitukalisha kwenye benchi, anatafuna karanga:
damu ya mzazi huwa nzito, ndivyo ilivyoumbwa, isimwagike yote,
ila mara chache huganda ndani ya mshipa,
na bonge likisukumwa hupanda.
Mara chache sana, akarudia, akatazama saa.
Mimi nilitazama viganja.

Basi nikaufunika mguu kwa khanga, taratibu,
kama nafunika mayai.
Mama mkwe mlangoni: "Mbona umeacha? Nimekulipa."
Nikafungua pindo, elfu kumi yake nikaiweka ukingoni mwa beseni.
"Ita bajaji. Asitembee, abebwe."
"Kwa mguu tu?"
"Kwa mguu tu."

Temeke, daktari alipitisha mashine yake,
akagusa kioo: hapo, karibu na nyonga,
bonge refu kama shubiri, limetulia.
Sindano asubuhi, sindano jioni.
Halafu akageuka.
"Nani alikataza asikandwe?"

Nikamwambia, Siti.

Akaandika kwenye faili,
akidhani ni jina langu.