Wati Mia na Tisini

Waya mmoja wa buluu, mwembamba kama kidole changu cha mwisho,
unabeba maneno na chakula chake humo humo.
Hilo hunifurahisha hadi leo, mwaka wa saba kazini:
unachomeka tu, tak,
na kile kisahani cheupe darini kinafumbua jicho.

Taa ya njano kwanza. Ngoja.
Kinajitambulisha kwa swichi, swichi inabisha hodi kwangu,
na kwenye kompyuta panaandikwa:
Kifaa kipya. Kinangoja kupokewa.
Ninakipokea. Ninakipa jina: Ukumbi, Bwawa, Jiko.
Taa inageuka samawati. Haya, umekuwa wetu.

Birkat al-Mauz, Julai, hoteli haijafunguliwa.
Juu ya dari joto ni la kuokea mofa.
Shibu ameshika ngazi, ananipandishia maji,
ananiita dada kwa Kiswahili nilichomfundisha
na mengine ambayo sikumfundisha.

Kumi na vinne vikawaka.
Cha kumi na tano, bweni la wafanyakazi, nyuma ya dobi,
kikapepesa mara mbili, kikafa.

Nikakata kichwa cha waya, nikabana kingine,
chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe,
kama anayemsuka upya mtoto asiyetulia.
Kikafa.
Ndipo nikaisoma swichi: wati mia na tisini, basi.
Kila kisahani kinakula kumi na tatu.
Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilipiga mara tatu,
kwa vidole, kana kwamba namba hubembelezwa.

Mhandisi Zahran akasema swichi kubwa ni bajeti ya mwakani.
"Bweni lingoje. Simu wanazo."
Simu wanazo, ndiyo.
Mejumaa wa usafi, mtu wa Lungalunga,
kila usiku hukaa ngazi ya dobi, mkono juu,
pale ukuta unapovujisha mtandao wa ukumbi,
amwone mwanawe,
na mtoto huganda, mdomo wazi, katikati ya neno.

Jioni nikashuka hadi kwenye falaji.
Maji yanapogawanyika pana jiwe tu, limechongwa,
halimjui mwenye shamba.
Kijana mmoja aliyekuwa akiosha miguu
akanieleza, kwa Kiswahili cha bibi yake,
kwamba usiku huu zamu ni ya mitende ya mwisho kule chini.
"Wa juu wamelala. Maji ya nini?"

Nikarudi. Sikumwita mtu.
Ukumbi wa mikutano: viti mia mbili, usiku hauna hata nzi.
Nikaandika: saa tatu usiku, tundu la pili, zima.
Tundu la kumi na tano, kipaumbele cha juu kabisa.
Saa kumi na mbili asubuhi, geuza.

Saa tatu na dakika mbili, njano.
Nikajikuta nimeshika pumzi kwa ajili ya kisahani.
Samawati.
Kwenye orodha wakaanza kuingia, namba tupu bila majina,
mmoja, sita, kumi na tisa,
na nje, nyuma ya dobi, mtu akacheka kicheko kirefu
ambacho hakikukatika.

Ripoti ya Zahran niliiandika hivi: Mzigo umesawazishwa.
Shibu akaisoma begani mwangu,
akasema dada, na lile neno lingine,
akaenda kutafuta chaja yake.