Wa Nne na wa Tano

Mimi ni karani tu. Nahesabu noti, naandika risiti,
nagonga muhuri wa shule, ule wenye msalaba uliolika mkono mmoja.
Lakini noti za Mbambu nazijua hata nikifumba macho:
hukwaruza vidole. Zina chumvi.

Hutoka Katwe usiku, juu ya lori la magunia,
akafika Kasese ofisi haijafunguliwa.
Hakai kwenye benchi, anaogopa kuliachia weupe.
Husimama, na miguu yake imepasuka
kama tope la ziwani mwezi wa Februari.

Mwaka ule Mto Nyamwamba uliposhuka na mawe yake
tulipokea watoto kumi na wanane kwa usiku mmoja,
tukawalaza kanisani, chini ya mimbari,
wengine wana matope masikioni.
Asubuhi nikatakiwa kuandika majina.
Binti mmoja akasema: Ithungu.
Kwetu Wakonzo jina ni hesabu. Ithungu ni binti wa tano.
Nikauliza, kalamu iko hewani, "Na wale wanne?"
Akaelekeza kidole mtoni.
Safu ya ndugu, kwenye daftari langu, niliiruka.

Jumapili mchungaji akatangaza: anayeweza mmoja, achukue mmoja,
ada, sare, uji wa saa nne, Agano Jipya la Kikonzo.
Wenye magari waliinua mikono, Mungu awabariki.
Wengine waliishusha kabla ya Krismasi.

Mbambu alikuja Jumanne.
Hakuuliza nani ana akili, nani mpole,
wala picha hakutaka.
Alipitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini,
kisha akaniambia bila haya, "Sijui kusoma. Nitajie."
Nikataja. Nilipofika kwa Ithungu akanishika mkono.
"Basi. Mimi ni Mbambu, wa nne.
Anifuataye ni nani, kama si huyo?
Mama yangu alikufa akimzaa wa tano,
na wa tano hakulia."

Muhula uliopita, somo la dini, darasa la nne.
Mwalimu Bwambale anauliza Mkristo afananaje na chumvi.
Mikono juu. Huleta ladha, mwalimu!
Huzuia kuoza, mwalimu!
Ithungu akasimama, sare imemzidi mabega:
"Chumvi inakula miguu."
Darasa likaangua kicheko.
Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao,
nikajumlisha safu moja mara tatu
na mara tatu nikapata jibu tofauti.

Leo kaja. Elfu tisini, kwenye fundo la kitenge.
Mvua imeyeyusha vitalu vyake vyote, nimesikia kwa watu,
yeye hasemi.
Ila noti nne ni laini, hazikwaruzi:
hizo kakopa.
Nikamwambia, "Mama, shule inaweza kungoja."
"Shule ingoje, mtoto je? Andika."

Ithungu akaitwa. Hawakumbatiani hawa wawili.
Mtoto alitoa mfukoni kikopo cha mafuta ya mgando,
kaomba wapi, kauza nini, sijui,
akachuchumaa usawa wa ile miguu.
Mbambu akairudisha nyuma.
"Usinipotezee mafuta. Kesho naingia tena majini."
"Basi kesho jioni," akasema mtoto,
akakitumbukiza kikopo kwenye kikapu chake
na kukimbia, kengele ilikuwa imelia.

Kwenye risiti pana mstari: uhusiano na mwanafunzi.
Muhula baada ya muhula nimejaza "mfadhili".
Leo nimeandika "dada".
Wino ulikataa kushika, karatasi ilikuwa na chumvi tayari.
Nikarudia juu yake, nikakandamiza,
hadi herufi zikatokea upande wa pili.