Kesi Namba 217

Saa nne usiku, Nyegezi. Umeme umerudi.
Vijidudu vya ziwani vimetua kwenye kioo cha kompyuta,
kila kimoja nukta ya desimali
mahali pasipotakiwa.

Programu inaziita kesi.
Mia sita na kumi na mbili, mstari mmoja kila kaya,
kana kwamba wote hawa wameshitakiwa
na mimi ndiye karani wa mahakama.

Bwana Masalu ameandika kwa wino mwekundu:
Usitoe jedwali lolote kabla ya kuweka uzito.
Ana haki. Capri Point tulihoji wengi mno,
mageti yalikuwa karibu na ofisi, na chai ilitolewa.
Ukara tulifika kaya tisa kati ya arobaini:
ziwa lilichafuka siku tatu, nahodha akagoma,
posho ikaisha.
Basi wa Capri Point anapunguzwa, sifuri nukta tatu,
watatu wao hawamtimizi mmoja,
na wa Ukara anabebeshwa wote tusiowafikia,
wamkalie mabegani.

Nikabonyeza.
Mia sita na kumi na mbili
wakawa elfu arobaini na moja na ushee.

Mama yangu alichuuza dagaa pale Mwaloni.
Mizani aliijua kwa kuiogopa:
kijiwe kilichofungwa kwa waya,
kidole gumba cha mnunuzi chini ya sahani.
"Mizani haisemi uongo," alizoea kusema,
"ila ina marafiki."

217. Nyanjura, Bukiko, miaka thelathini na minne.
Uzito: 214.6.
Huyu nilimhoji mwenyewe.
Alikuwa akimkatia majani ng'ombe wa ndani,
hakuacha kukata, nami sikumwomba aache.
Swali la kumi na nne:
jana kaya yako ilikula mara ngapi?
"Mbili," alisema, akifuta kisu kwenye kanga.
Mtoto mlangoni akasema, "Moja."

Hakumkaripia. Alimtazama tu
kama mtu anavyomtazama mgeni aliyewahi kufika
nyumba haijafagiliwa.

Nikaandika 2.
Jibu ni la mhojiwa, ndivyo tulivyofundishwa,
na injini ya boti ilikuwa imeshawashwa.

Sasa ile mbili yangu
imeinjika sufuria mara mbili
katika nyumba mia mbili na kumi na nne,
na katika nukta sita ya nyumba,
labda mlango na mafiga, bila paa.
Wastani umepanda. Kisiwa kimeshiba
kwa kalamu ya bluu iliyokuwa ikivuja.

Nikizima uzito,
Nyanjura anarudi kuwa mmoja, mwepesi, na kisu chake.
Nikiwasha,
wanawake mia mbili na kumi na nne
wanafuta visu kwenye kanga ileile,
na milango yote ina mtoto,
na watoto wote wanasema moja, moja, moja,
wala hakuna safu ya kuwaweka.

Shairi nalo lina mizani, shuleni nilichapwa kwa hilo:
nane kwa nane, usizidishe, usipunguze.
Hili limenishinda. Kila nikihesabu
kuna silabi ya mtu asiyeandikwa
inaning'inia nje ya mstari.

Masalu ametuma ujumbe: Jedwali liko wapi?
Nimemjibu: linakuja.

Kisha nimefungua safu mpya, nimeiita mtoto.
Mistari mia sita na kumi na moja, tupu.
Mmoja una 1.
Najua haitabadilisha chochote,
hakuna fomula inayoiita,
na kesho mtu mwangalifu ataifuta, akidhani nilisinzia.

Programu inauliza kama nina hakika nataka kuhifadhi.

Vijidudu vimehamia kwenye taa.
Kidole gumba changu kiko juu ya kitufe,
na sijui niko upande gani wa sahani.